Unakwenda kujifunza skii? Tazama lifti kabla ya mlima

Kila ikikaribia Desemba, watu wa hapa Mombasa huniuliza swali lile lile: kituo gani cha skii, yaani mchezo wa kuteleza kwenye theluji, ni kizuri? Aulizaye mara nyingi ana dada aliyeolewa Ujerumani au shemeji Austria, na jamaa wa kule wameshamwahidi wiki moja mlimani. Mimi hufundisha wanaoanza, huko Tirol, jimbo la Austria, wakati wa kaskazi, kisha hurudi nyumbani mvua za masika zikibisha hodi. Jibu langu huwakera kidogo: kizuri kwa nani? Shemeji aliyevaa skii, zile mbao za miguuni, tangu utotoni anatafuta mlima ambao wewe hutauona raha yake hata kidogo.

Vituo hujisifu kwa kilomita. Les Trois Vallées kule Ufaransa wana kilomita 600 za njia, na kweli ni eneo la ajabu, lakini mtu wa wiki ya kwanza atashinda kwenye mteremko mmoja mfupi, labda miwili mitatu akiwa mwepesi. Njia zilizobaki anawalipia wenzake. Kitakachoamua kama utafurahi ni lifti, mitambo inayowapandisha watu mlimani: ziko za aina gani pale pa kujifunzia, zinakufikisha wapi, na je, zinaweza kukurudisha chini miguu ikigoma? Kushuka mteremko mpole utaelewa ndani ya siku chache ukiwa na mwalimu. Lifti ndiyo inayowaliza watu wazima, kwa kuwa haikungoji.

Kwa hiyo nikifungua ramani ya kituo, situmii muda kwenye vilele. Natafuta uwanja wa wanaoanza, naangalia uko umbali gani na nyumba za kulala, kisha nauliza: baada ya hapo, mwanafunzi anapanda na nini? Kama hatua inayofuata ni njia ndefu, pana, ya rangi nyepesi, napapenda. Kama ni ukuta, nafunga ramani. Rangi zenyewe zinahitaji akili. Ulaya bluu ni rahisi, nyekundu ya kati, nyeusi ngumu. Ufaransa wameongeza kijani chini ya bluu. Austria kwa kawaida unaanzia bluu. Marekani hawana nyekundu: ni duara la kijani, mraba wa bluu, almasi nyeusi. Tena rangi hizo hulinganisha njia za kituo kimoja, si za dunia nzima. Bluu ya St. Anton, Austria, itamtoa jasho mtu aliyezoea bluu za vituo vya upole, nami mwanafunzi wa siku ya kwanza simpeleki huko hata aniambie hoteli ni ya bure.

Alpe d'Huez, Ufaransa, kwa upande wake ina miteremko mipana ya kijani juu tu ya kijiji, mita 1,860 kutoka usawa wa bahari. Hapo ndipo mtu anapojenga moyo. Chamonix, huko huko Ufaransa, jina lake kubwa, lakini maeneo yake yametawanyika bondeni, asubuhi inaliwa na basi. Val d'Isère, pia Ufaransa, njia za kurudi kijijini ni kali, na wanaoanza hushuka jioni na gondola, lifti ya vibanda vinavyoning'inia kwenye kamba. Hiyo si aibu. Wenyeji pia hushuka hivyo theluji ikiwa barafu. Bansko, Bulgaria, bei yake ni nafuu, ila mji uko chini na miteremko iko juu, baina yao gondola yenye foleni ya asubuhi inayojulikana. Ukienda, amka mapema au lala huko juu.

Urefu wa mlima nao ni mizani. Kituo cha chini kinaweza kukosa theluji Desemba. Cha juu sana kinakupa baridi, upepo, na kichwa kinachogonga. Sisi tunatoka usawa wa bahari, tusijifanye hodari siku ya kwanza. Hilo hasa ni kwa wanaokwenda Afriski, Lesotho, kwenye milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000. Msimu wao ni Juni hadi Agosti, wakati sisi huku tuko kwenye kipupwe na kusi inavuma. Njia ya kawaida hupitia Afrika Kusini, na tangu 2023 mwenye pasipoti ya Kenya haombi viza kuingia huko kwa ziara fupi. Fika, kunywa maji, lala, anza kesho yake.

Na Dubai? Wengi wetu tunapita huko kwa biashara au kwa jamaa, basi Ski Dubai, uwanja wa theluji uliofunguliwa 2005 ndani ya jengo la maduka la Mall of the Emirates, ni shule nzuri kuliko watu wanavyodhani. Njia ndefu zaidi ni kama mita 400, koti, suruali na viatu vimo ndani ya tiketi, na hawakuruhusu kupanda mteremko mkubwa mpaka uwe unaweza kusimama, kugeuka na kutumia lifti. Nautamani utaratibu huo uwepo kila mahali. Somo moja hapo kabla ya kuwafuata mashemeji Tirol linakuokolea siku mbili.

Sasa lifti zenyewe. Ya kwanza ni zulia, mkanda unaotembea juu ya theluji. Unasimama, magoti yamelegea, unatazama mbele, basi. Omba kituo chenye zulia refu.

Ya kisahani na ya nanga ndizo zenye matata. Zote mbili zinakuvuta skii zikiwa zimegusa chini. Ya kisahani unaipitisha katikati ya mapaja. Ya nanga, mti wake una umbo la T iliyopinduliwa, inakaa chini ya makalio ya watu wawili kwa pamoja. Kosa ni moja tu kwa karibu kila anayeanguka: anajaribu kukaa. Usikae. Simama, iache ikusukume. Mwanzoni kuna mshtuko, kamba ikikaza. Kunja magoti, usishindane nayo. Kwenye nanga tafuta mwenzako wa kimo kimoja na wewe, usipande na mumeo mrefu kwa mapenzi tu. Ukianguka, achilia mara moja na ubiringike kutoka kwenye njia, maana nyuma yako anakuja mwingine.

Lifti ya viti ilianza Sun Valley, Idaho, mwaka 1936, na aliyeibuni, mhandisi James Curran, alichukua wazo kwenye mitambo ya kupakia mikungu ya ndizi melini. Mtu wa mji wa bandari asiiogope. Zipo mbili: za zamani, ambazo kiti kimefungwa kwenye kamba na kinakuja kwa mwendo wake ule ule, na za kisasa, ambazo kiti hujichomoa kituoni na kupunguza kasi sana. Anza na za kisasa, hata kama ni safari ndefu zaidi. Toa mikanda ya fimbo za skii mikononi, shika fimbo zote kwa mkono mmoja, begi mgongoni livae kifuani. Sogea hadi kwenye alama, geuza kichwa uone kiti kikija, kaa kikigusa nyuma ya magoti, shusha chuma cha usalama. Karibu na juu, inua chuma panapoandikwa, nyanyua ncha za skii, simama ukifika pa tambarare, na nenda moja kwa moja. Usisimame hapo kufurahi: kama abiria aliyeshuka matatu, toka mlangoni wengine washuke. Ukichelewa kushuka, kaa kimya. Mbele kuna kizuizi kinachosimamisha mtambo. Lifti ikisimama hewani, ngoja. Usiruke kamwe. Na mwambie mhudumu wa chini kuwa ndiyo mara yako ya kwanza, atapunguza mwendo.

Mama mmoja wa Kisauni aliniambia, "Mwalimu, mimi hilo likiti nitalisalimia kutoka mbali." Siku ya tatu alikuwa akipanda na wajukuu. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, aliiwakilisha Kenya kwenye skii ya mteremkoni katika Olimpiki ya 2018 huko PyeongChang, basi hoja ya kwamba theluji si ya watu wa Pwani nimechoka nayo.

Kina dada, buibui na mtandio unaoning'inia viache chumbani. Nguo ndefu inanaswa na kiti. Hijabu ya michezo, ile inayobana, inakaa vizuri chini ya helmeti, na suruali ya skii tayari ni pana.

La mwisho ni pesa. Usinunue pasi, yaani tiketi ya lifti, ya eneo zima kwa sababu familia inanunua. Vituo vingi vina pasi ya wanaoanza au kadi ya pointi, na vingine lifti za uwanja wa kujifunzia ni bure, Val d'Isère ikiwemo. Uliza kwa barua pepe kabla ya kulipa. Bima ya safari isomwe pale panaposema uokoaji mlimani, na ukienda Italia, tangu Januari 2022 sheria inataka uwe na bima ya kumlipa utakayemgonga. Huuzwa pamoja na pasi dirishani.