Theluthi mbili walikuwa nayo

Katiba ya Japani ilianza kutumika tarehe 3 Mei 1947, na mpaka leo haijaguswa hata nukta. Katiba yetu ya Tanzania ya 1977 ilikuwa imeshafanyiwa marekebisho 14 ilipofika 2005, ndiyo maana wanafunzi wangu huwa hawaniamini. Kwani huko hakuna anayetaka kuibadilisha? Wapo, tena ndio wenye nchi. Chama cha Liberal Democratic (LDP) kilizaliwa Novemba 1955 kikiwa na marekebisho ya katiba katika malengo yake, na kimetawala karibu muda wote tangu hapo.

Lalamiko lao la kwanza ni kwamba katiba hii waliletewa. Hapo wana hoja. Februari 1946 gazeti la Mainichi lilivujisha rasimu ya kamati ya Waziri Matsumoto, ambayo iliacha mamlaka ya Mfalme karibu yalivyokuwa. Jenerali MacArthur, Mmarekani aliyeongoza majeshi yaliyoikalia Japani baada ya vita, hakuridhika, akawaagiza maofisa wake waandike yao. Waliimaliza kwa takriban wiki moja, na miongoni mwao alikuwamo Beate Sirota, binti wa miaka 22, aliyeandika vifungu vya haki za wanawake. Ila wasemaji wa hoja hii huruka kilichofuata. Bunge la Japani liliijadili rasimu kwa miezi, na kamati iliyoongozwa na Ashida Hitoshi ikachomeka maneno machache katika Ibara ya 9, ambayo baadaye yalitumika kutetea kuwepo kwa jeshi. Maneno hayo hayakutoka kwa Wamarekani.

Ibara hiyo ndiyo kila mtu anaijua. Ibara ndogo ya kwanza inaikana vita kama haki ya taifa. Ya pili inasema majeshi ya nchi kavu, ya majini na ya anga hayatawekwa kamwe. Sasa basi, Japani ina Majeshi ya Kujihami tangu 1954, yenye vifaru, meli za kivita na ndege za kivita. Serikali imekuwa ikisema nguvu ya chini kabisa inayohitajika kwa kujihami siyo ile iliyokatazwa. Julai 2014 baraza la mawaziri la Abe Shinzo, waziri mkuu kutoka LDP, likasogeza tafsiri hiyo mbele zaidi: katika mazingira fulani, Japani inaweza kupigana kumsaidia mshirika aliyeshambuliwa. Juni 2015 wataalamu watatu wa katiba waliitwa mbele ya kamati ya Bunge, na wote watatu, akiwemo Hasebe Yasuo aliyependekezwa na LDP yenyewe, wakasema miswada ya kutekeleza uamuzi huo inavunja katiba. Septemba miswada ikapita.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo wahafidhina walipojifungia mlango wenyewe. Kila walichokitaka kuhusu jeshi wamekuwa wakikipata kwa tafsiri, na mpiga kura wa kawaida haoni tena cha haraka kinachohitaji kalamu.

Ukitaka kujua wanachokitamani hasa, soma rasimu ya LDP ya 2012. Jeshi la ulinzi wa taifa limo, na Mfalme anaitwa mkuu wa nchi. Mimi hukaa zaidi kwenye kurasa za nyuma. Ibara ya 99 ya sasa inawataka Mfalme, mawaziri, wabunge, majaji na watumishi wa umma waiheshimu na kuilinda katiba. Raia hatajwi, kwa sababu yeye ndiye anayelindwa. Rasimu inaanza na raia: wananchi wote lazima waiheshimu katiba. Viongozi wanafuata, na Mfalme hayumo tena. Ibara ya 97, inayosema haki za msingi ni matunda ya mapambano marefu ya binadamu kutafuta uhuru, imefutwa yote. Ibara ya 24, ile ya usawa wa mke na mume, imeongezewa agizo kwamba wanafamilia wasaidiane. Nani atapinga watu wa nyumba moja kusaidiana? Lakini ukiliweka ndani ya katiba, serikali inapata pa kusimama siku itakapotaka kumrudishia mtoto mzigo wa kumtunza mzee.

Kisha kuna hesabu. Ibara ya 96 inataka theluthi mbili ya wajumbe wote wa kila baraza la Bunge, la Chini na la Juu, halafu kura ya maoni, ambayo sheria yake yenyewe ilitungwa 2007 tu. Mwaka 2013 Abe alijaribu kuanza na ibara hiyo, theluthi mbili iwe nusu na ushee. Hata Kobayashi Setsu, profesa aliyetetea marekebisho kwa miaka mingi, aliupinga ujanja huo. Wazo likafifia.

Ajabu ni kwamba baada ya uchaguzi wa Julai 2016 wanaotaka marekebisho walikuwa na theluthi mbili katika mabaraza yote mawili, wakakaa nayo miaka mitatu bila kupeleka pendekezo hata moja kwa wananchi. Ishin, chama kimojawapo katika kundi hilo, walitaka elimu ya bure na mahakama ya katiba. Komeito, chama chenye mizizi kwa Wabuddha wa Soka Gakkai, kiliogopa kugusa Ibara ya 9. Mei 2017 Abe akapunguza dau: ibara ndogo mbili zibaki, yaongezwe tu maneno ya kuyatambua Majeshi ya Kujihami. Ishiba Shigeru, wa chama chake mwenyewe, akasema hiyo haina mantiki, ibara ndogo ya pili ifutwe. Na juu ya yote kulikuwa na hofu ambayo hakuna aliyependa kuitamka: wakishindwa kwenye kura ya maoni, ajenda itazikwa kwa kizazi kizima.

Oktoba 2025 Komeito walijitoa katika ushirika waliokuwa nao na LDP tangu 1999, Ishin wakaingia, na Takaichi Sanae, mhafidhina asiyeficha msimamo wake juu ya katiba, akawa waziri mkuu. Breki ya zamani haipo ndani ya serikali. Ila Baraza la Juu lina viti 248, theluthi mbili yake ni 166, na waziri mkuu hawezi kulivunja. Nusu ya viti hivyo itapigiwa kura tena 2028.