Kongo sio mji: mambo ambayo watu wanayakosea kila siku kuhusu DRC

Wiki hii peke yake nimepigiwa simu na watu wanne, wote swali moja, "kaka, kontena la futi 40 mpaka Kongo shilingi ngapi?" Nikiuliza Kongo wapi najibiwa Kongo, DRC. Haya, DRC wapi? Hapo mtu anaanza kukasirika anaona namzungusha nimpandishie bei. Mi kazi yangu ni kutoa mizigo ya transit bandarini Dar na kuipeleka huko, mwaka wa kumi na tatu sasa, na hili ndo jambo linaloniumiza kuliko mengine yote kwa sababu nimeona watu wakipoteza mitaji kwa kutotaka kufungua ramani dakika mbili tu.

Kongo ina zaidi ya kilomita za mraba milioni 2.3. Tanzania nzima, na maziwa yake na visiwa vyake, unaiingiza humo mara mbili na bado eneo linabaki. Afrika nzima inayoizidi kwa ukubwa ni Algeria peke yake. Ni nchi yenye saa mbili tofauti, yaani hapa Dar ikiwa saa nne asubuhi, Lubumbashi ni saa tatu na Kinshasa ni saa mbili, ndo maana we unampigia mpokeaji wako wa Kinshasa asubuhi hapokei unaanza kusema Wakongo wasumbufu, kumbe mwenzio hata hajatoka nyumbani.

Sasa mzigo unaoshuka Dar na kwenda kwa lori unatoka Tunduma, unaingia Nakonde, unakata Zambia yote mpaka Kasumbalesa, halafu Lubumbashi, Likasi, Kolwezi. Hiyo ni kona ya kusini mashariki tu, ile iliyokuwa Katanga kabla mikoa haijagawanywa mwaka 2015 kutoka 11 ikawa 26. Ukitaka Kalemie au Uvira unashusha Kigoma unavusha Ziwa Tanganyika. Watu wa Beni na Butembo mizigo yao mingi inapita Mombasa, Uganda, wanaingilia Kasindi. Na Kinshasa? Kinshasa iko upande wa pili kabisa, mlango wake ni bandari ya Matadi, na meli inaingilia Atlantiki. Hiyo ni milango minne ya nchi moja, na ukikosea mlango hakuna wa kukusogezea ndani.

Kuna mteja mmoja alinijia mzigo ukiwa umeshafika bandarini. Spea za mashine na nyaya, kontena moja, BL, yaani hati ya meli ya mzigo, imeandikwa transit DRC basi. Nikachukua invoisi nikaisoma mstari kwa mstari kama ninavyofanya siku zote, kwenye anuani ya mpokeaji nikakuta neno Limete. Nikamwambia bosi, Limete ni Kinshasa, eneo la viwanda kule, wewe umeleta mzigo Dar. Akanijibu kwa utulivu kabisa, "si Kongo hiyo hiyo, ukifika Lubumbashi watasogeza tu."

Watasogeza! Hilo neno nimelisikia mara nyingi mno. Lubumbashi mpaka Kinshasa kwa barabara ni zaidi ya kilomita 2,000, na sio zile kilomita unazozijua wewe za Dar kwenda Mwanza. Mpaka Kolwezi lami ipo na malori yanakwenda usiku na mchana kwa sababu ya migodi. Ukishaipita Kolwezi kuelekea Kasai, masika yakikolea lori linaweza kulala kwenye tope wiki nzima, dereva na tandiboi wanapika chini ya trela wakisubiri wanakijiji waje na majembe kuchimba matairi. Reli ipo, inatoka Lubumbashi inaishia Ilebo ukingoni mwa mto Kasai, pale unashusha kila kitu unapakia kwenye majahazi ya chuma yanateremka Kasai halafu mto Kongo mpaka Kinshasa. Sio kwamba haiwezekani, watu wanafanya. Lakini kila unaposhusha na kupakia kuna kuli wa kulipwa, kuna maboksi yanayoloa, kuna maboksi yasiyoonekana tena, na tarehe ya kufika hakuna atakayekuahidi.

Na kuna sababu yake, sio uvivu wa Wakongo kama wengine wanavyopenda kusema. Mto Kongo ukitoka Kinshasa kwenda baharini una maporomoko mfululizo ambayo chombo hakipiti, ndo maana Wabelgiji walijenga reli ya Matadi mpaka Kinshasa, ilikamilika 1898 na ujenzi wake uliua watu wengi sana. Ukipanda juu kutoka Kinshasa mto unapitika vizuri zaidi ya kilomita 1,700 mpaka Kisangani, pale unakutana na maporomoko mengine, Boyoma, ikabidi kijengwe kipande cha reli cha kilomita 125 kwenda Ubundu. Yaani usafiri wa nchi ile ni vipande vipande, reli kidogo mto kidogo reli tena, na ulipangwa kutoa mali nje, haukupangwa kumuunganisha mtu wa Lubumbashi na ndugu yake wa Kinshasa. Mpaka leo wakubwa wanaotoka mji mmoja kwenda mwingine wanapanda ndege.

Yule mteja mwisho wake kontena lilirudishwa melini likazungushwa Afrika nzima kwa kusini mpaka Matadi, makaratasi yakabadilishwa yote, demareji (tozo ya kuchelewesha kontena) na stoo zikala faida yote na kipande cha mtaji. Alilia ofisini kwangu, mtu mzima. Kwa hiyo mimi sitoi bei mpaka nijue mji, na ikiwezekana komuni, yaani manispaa ya ndani ya mji, na jina la mpokeaji kama lilivyo kwenye karatasi zake za biashara. Ukiona nakuuliza sana elewa nimeshaona yaliyowakuta wengine.

Hapo hapo kwenye majina, angalia na hili: Kongo ziko mbili. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni ya Kinshasa, ile iliyoitwa Zaire 1971 mpaka 1997. Jamhuri ya Kongo ni ya Brazzaville, nchi nyingine kabisa, rais mwingine, pesa nyingine, bandari yao Pointe-Noire. Miji mikuu yao inatazamana, mto katikati, na daraja hakuna. Neno "Kidemokrasia" likiruka kwenye hati zako umeshaandika nchi nyingine.

Jingine ni Kiswahili. "Sina shida, Wakongo si wanaongea Kiswahili." Mashariki ndio, kuanzia Ituri, Kivu zote, Maniema, Tanganyika mpaka Lubumbashi na Kolwezi huko utaelewana na watu, ingawa sio Kiswahili chako, wao maji ni mayi, vitu ni bintu, ugali ni bukari, na ukiwa mvumilivu siku mbili tu sikio linazoea. Ila ukivuka kwenda Kinshasa lugha ya mtaani ni Lingala, Kasai ni Tshiluba, Matadi huko ni Kikongo. Hizo tatu na Kiswahili ndo lugha nne za taifa, na chini yake kuna lugha zaidi ya 200. Lugha ya ofisi ni Kifaransa, na hapa ndo nawaomba sana: msitume hati za Kiingereza za kubahatisha mkitegemea afisa wa Kasumbalesa atazitafsiri kwa huruma. Lipia mtafsiri. Ni hela ndogo sana ukilinganisha na lori kukaa mpakani.

Halafu tangu Kongo iingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 kuna watu wanadhani mzigo unavuka kama unatoka Arusha kwenda Nairobi. Hapana. FERI bado inatakiwa, ile karatasi ya taarifa za mzigo ya OGEFREM, ofisi ya serikali ya Kongo inayosimamia mizigo, na ukifika bila hiyo unapigwa faini. Ushuru bado unatozwa na DGDA, forodha ya Kongo, na OCC, ofisi yao ya ukaguzi wa bidhaa, nao wanakagua. Nilishawahi kubishana na mtu nusu saa kuhusu hili, akaenda kwa wakala mwingine aliyemwambia alichotaka kusikia.

"Kongo kote ni msitu na mvua." Msitu mkubwa ni wa katikati na kaskazini, ndo mkubwa kuliko misitu yote ya mvua duniani ukitoa ule wa Amazon. Lubumbashi iko juu kama mita 1,200, miti yake ni miombo kama ya Tabora, na mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi ya kuvaa koti. Mvua kule ni Novemba mpaka Aprili au karibu na hapo, kaskazini ya ikweta majira yanageuka. Saruji na sukari za Katanga peleka kiangazi, basi.

Kuhusu vita nako. Watu wananiuliza kama Kolwezi panapitika kwa sababu wameona habari za Goma. Goma, mashariki kule, ilichukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na watu wa kule wanateseka kweli, nina wateja wangu wa zamani waliofunga maduka wakaondoka na watoto tu. Lakini Goma mpaka Lubumbashi ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa ndege. Malori ya shaba yanatembea kila siku.

Na hiyo shaba inanileta kwenye imani ya kwamba Kongo madini unaokota na kila Mkongo ni mchimbaji. Ni kweli zaidi ya theluthi mbili ya kobalti ya dunia inatoka pale, nyingi ikitoka pamoja na shaba ya mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga, upande wa Kolwezi na Lubumbashi. Lakini Wakongo walio wengi ni wakulima, wanalima mihogo na mahindi, na mwenye mgodi mkubwa mara nyingi ni kampuni ya nje. Kitu kinachonikaa moyoni ni ule umeme wa Inga. Bwawa liko magharibi karibu na Matadi, na mwaka 1982 ikakamilika laini ya kama kilomita 1,700 kuupeleka mpaka Kolwezi migodini. Nyaya zinapita juu ya vijiji ambavyo usiku vinawasha koroboi. Mtu akiniambia Wakongo wana mali hawajui kuitumia huwa namuuliza kama ameshawahi kulala kijiji cha namna hiyo.

Tena kwa wale wanaoniuliza kuhusu jamaa wa WhatsApp mwenye kilo za dhahabu ya Kongo bei poa, eti umtumie tu hela ya "kibali" kwanza: usitume. Sijawahi kuona hata mmoja aliyepata hiyo dhahabu, na nimeulizwa na wengi.

Idadi ya watu pia msibishane, wanakadiriwa kupita milioni 100 lakini sensa ya mwisho ilifanyika 1984, kwa hiyo kila namba unayoiona ni makadirio.

La mwisho, pesa. Mnampa dereva dola za kila aina mkidhani dola ni dola. Kule dola inatumika kila mahali, hoteli, spea, hata kodi ya nyumba, kwa sababu noti kubwa kabisa ya faranga ni 20,000 na haifiki dola 10, kulipa kitu cha maana inabidi ubebe mfuko. Ila noti ya dola iliyochanika hata milimita pembeni, au yenye maandishi ya kalamu, wanakurudishia. Nina dereva alikaa Kasumbalesa siku mbili ana dola 300 mfukoni na hawezi kununua hata maji, zote zilikuwa na kichaniko kidogo kwenye kona pale bosi wake alipozibana na pini.