Kompyuta inajizima? Kabla ya kununua kifaa, angalia inazimika vipi

Mama mmoja mwenye duka la steshenari alituletea kompyuta yake ya mezani akiwa ameshabadilishiwa paua saplai, yaani boksi linaloipa kompyuta umeme, mara mbili. Fundi wa kwanza alibadilisha, ikaendelea kuzimika. Wa pili naye akabadilisha, hali ikawa ileile. Tuliiwasha asubuhi kwenye karakana yetu ya TEHAMA, ikakaa mpaka jioni bila kuzimika hata mara moja. Ndipo mwenzangu alipomuuliza swali ambalo mafundi wote wawili hawakumuuliza: "Mama, ikizima unakuwa unafanya nini?" Akajibu hapohapo: "Mara nyingi anakuwa amekuja mteja wa kuprinti."

Tulipofika dukani tukakuta printa ya leza imechomekwa kwenye UPS ileile ya kompyuta, yaani kile kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika. Printa ya leza ina sehemu inayopata moto ili wino wa unga uyeyuke na kushika kwenye karatasi, na inapoanza kupasha huvuta mamia ya wati kwa mpigo. UPS ndogo iliyoandikwa VA 650 kwa kawaida haifikishi hata wati 400. Tuliprinti ukurasa mmoja mbele yake: UPS ikalia mlio mrefu, ikakata, kila kitu giza. Tukahamishia printa kwenye soketi ya ukutani, tatizo likaishia hapo. Pesa za paua saplai mbili zilishakwenda, na hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Kwanza kabisa, nakili kazi zako kwenye flashi au diski ya nje leo hii. Kila kompyuta inapokatika katikati ya kuandika faili, faili hilo liko hatarini.

Kisha tazama namna inavyozimika. Ikizimika kama mtu kachomoa waya, skrini nyeusi na feni kimya papo hapo, shuku umeme au joto. Ikijiwasha upya yenyewe, hasa baada ya skrini ya buluu ya hitilafu ya Windows kupita upesi, shuku ram (kumbukumbu ya muda), draiva (programu inayoendesha kifaa) au diski. Na ikijifunga kwa utaratibu, ikifunga programu moja moja, basi kuna aliyeiamuru, na mara nyingi ni Windows yenyewe inayomalizia masasisho.

Usiposhuhudia, Windows imeshakuandikia. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr, kisha fungua Windows Logs na ndani yake System. Namba 1074 inataja programu au mtumiaji aliyeamuru kuzima. Namba 6008 inasema kompyuta ilizimika bila kutarajiwa. Namba 41 ndiyo inayotisha watu wengi, wakadhani ndiyo ugonjwa wenyewe. Sivyo. Inasema tu kwamba safari iliyopita kompyuta haikuzimwa vizuri. Ifungue usome maelezo yake: mahali palipoandikwa BugcheckCode pakiwa na 0, mara nyingi umeme ulikatika kabla Windows haijapata nafasi ya kuandika lolote. Pakiwa na namba nyingine, ilipita skrini ya buluu.

Umeme uchunguze kuanzia ukutani kuja ndani. Toa UPS, toa ekstensheni, chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani na uitumie siku mbili tatu. Ikitulia, mkosaji ni kimojawapo kati ya ulivyotoa. Betri ya UPS huishi miaka 3 hadi 5, na joto huila haraka: ikikaa kwenye chumba chenye nyuzi 35 badala ya 25, umri wake unaweza kupungua kwa nusu. UPS yenye betri iliyochoka huwasha taa ya kijani kama kawaida, lakini umeme ukipepesa kidogo tu inaangusha mzigo. Na kupepesa kwenyewe si lazima ukuone. Paua saplai hubeba kompyuta kwa takriban milisekunde 16, yaani sehemu 16 kati ya elfu moja za sekunde moja, baada ya umeme kukatika, muda usiofika hata mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50. Taa inatikisika kidogo, simu inaendelea kuchaji, kompyuta imeshazima.

Kompyuta ikikaa dakika kumi au ishirini ndipo ikate, na ukiiwasha papo hapo inakata mapema zaidi, hilo ni joto. Prosesa, chipu kuu inayofanya kazi zote za kompyuta, ina kikomo, nyingi kati ya nyuzi 90 na 100 na kitu. Ikikikaribia inajipunguzia kasi, na joto likizidi kupanda mfumo unakata umeme ili prosesa isiungue. Hapa ndipo watu wengi hudanganyika: wanafungua ubavu wa kasha, wanaona feni inazunguka na juu ni safi, wanafunga. Zima, chomoa waya, toa skrubu nne za feni uinyanyue. Chini yake, juu ya mapezi ya chuma ya kupozea, utakuta vumbi limejisokota kama kipande cha blanketi. Niliwahi kulibandua likatoka zima, na umbo la duara la feni limechapika juu yake. Hewa haikuwa na pa kupita kabisa.

Lipulize nje ya nyumba kwa bulowa, huku umeishika feni kwa kidole isizunguke ovyo. Usitumie kitambaa chenye maji. Ukiing'oa hitisinki yenyewe, yaani hicho chuma chenye mapezi, futa pesti ya zamani inayopitisha joto kati yake na prosesa, ambayo baada ya miaka huwa imekauka kama chokaa, na weka mpya kiasi cha punje ya dengu. Hakikisha pini zote nne zimekaa. Moja ikilegea, upande mmoja wa prosesa unabaki bila kugusana na chuma, na joto linapanda ndani ya dakika chache.

Kwa ram, zima, ichomoe na uirudishe mpaka isikike ikibana. Kama ziko mbili, jaribu moja moja. Windows ina kipimo chake: andika mdsched pale ulipoandika eventvwr.

Paua saplai iwe ya mwisho kushukiwa. Kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa kompyuta, kapasita (vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme) zilizovimba juu au kutoa ute wa kahawia zinaonekana kwa macho. Kwa mwenye mita, waya wa manjano wa paua saplai unatakiwa usome kati ya volti 11.4 na 12.6 kompyuta ikiwa kazini. Lakini boksi la paua saplai lenyewe usilifungue, hata kama limechomolewa tangu jana, kwa sababu kapasita za ndani huweza kubaki na umeme wa kuua. Ukifika hapo mpelekee fundi, mweleze inazima saa ngapi na ukiwa unafanya nini, na umwombe afunge kwanza paua saplai yake ya majaribio. Ikae siku nzima palepale unapoitumia wewe, na vifaa vyako vyote vikiwa vimechomekwa, ndipo ulipie mpya.