Mwanasayansi kichaa kwenye katuni za mashujaa ni nani hasa?

Kuna ukurasa mmoja wa katuni ya Spider-Man ya mwaka 2015 ambao watu hawachoki kutumiana mtandaoni. Adui aliyemo anaitwa Sauron, mtu aliyekuwa daktari kabla ya kugeuka kiumbe mwenye mabawa na mdomo mrefu, kama wale wanyama walioruka angani enzi za dinosaria. Ana uwezo wa kubadili DNA ya mtu papo hapo, na anautumia kuwageuza watu kuwa dinosaria. Spider-Man anashindwa kuelewa: mwenye ujuzi wa namna hiyo si angetibu saratani? Sauron anamjibu kwamba hana haja ya kutibu saratani. Anachotaka yeye ni kuwageuza watu kuwa dinosaria.

Mwandishi alikuwa anatania, ila aliweka kidole penyewe. Mwanasayansi kichaa wa katuni za mashujaa ni adui ambaye silaha yake kubwa ni elimu. Anaweza kutengeneza kitu ambacho dunia nzima ingemshukuru kwacho, lakini anakitengeneza kwa ajili ya jambo jingine kabisa. Wengi wao wana cheo cha Daktari au Profesa mbele ya jina. Wengi wana maabara ya siri, koti jeupe, miwani minene na kichwa kisicho na unywele hata mmoja. Hayo ni mavazi tu. Mvue yote, bado utamtambua kwa kinyongo chake.

Ukichaa wenyewe, ukiuangalia vizuri, ni mdogo. Huyu ni mtu anayepanga ratiba, anayeajiri vibarua, anayekokotoa hesabu za mzunguko wa sayari na kuzipatia. Mtu anayeugua maradhi ya akili hafanani naye hata kidogo, na katuni za zamani zilikosea sana kuwachanganya watu hao wawili bila kujali. Ziliongeza na kosa la pili, la kuufanya mwili wenye kasoro kuwa tangazo la roho mbaya: kiti cha magurudumu, mgongo uliopinda, upara. Kilichompungukia mwanasayansi huyu ni kipimo. Wenzake walimcheka mkutanoni, na adhabu anayoona inawafaa ni kuzamisha mji mzima baharini.

Alizaliwa kwa sababu waandishi walikuwa na shida ya kazi. Superman alipotokea mwaka 1938, akiwa ametungwa na vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, alipambana na watu wa kawaida kabisa: mume anayempiga mkewe, wanasiasa wala rushwa, tajiri wa mgodi asiyejali usalama wa wachimbaji wake. Ilifurahisha kusoma, lakini haikuchukua muda tatizo likaonekana. Steringi hauawi, hilo kila mtu analijua na analikubali. Huyu hata ngozi haikwaruziki. Risasi zinadunda, magari anayanyanyua, na adui anaisha kabla msomaji hajaingiwa na wasiwasi. Ukimletea mwenye misuli zaidi, unarudia ngumi zilezile. Kilichobaki ni kumletea mtu asiye na misuli kabisa.

Ndipo Juni 1939 akaingia Ultra-Humanite, mwanasayansi mwenye upara, aliyepooza, anayetembelea kiti cha magurudumu na mwenye akili isiyo na mfano. Superman angeweza kumvunja kwa kidole, na hapo ndipo utamu wenyewe ulipo, kwa sababu kumfikia ndiyo kazi. Mwaka 1940 aliuhamishia ubongo wake ndani ya mwili wa mwigizaji wa sinema, Dolores Winters, jambo ambalo hata leo lingewafanya wasomaji wakune vichwa. Miezi michache baadaye, Aprili 1940, akatokea Luthor, mwanasayansi mwingine, ambaye ndiye aliyekuja kuwa adui mkuu wa Superman. Wakati huo alikuwa na nywele nyekundu. Hazikudumu: kwenye katuni za magazeti alianza kuchorwa na upara, na maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mchoraji alichanganya wahusika. Kosa likawa sura yake ya kudumu.

Wengine walifuata mkumbo upesi. Februari 1940 Batman alipata Profesa Hugo Strange, na mwezi huohuo Captain Marvel, ambaye siku hizi tunamwita Shazam, akapata Daktari Sivana. Sivana ndiye ninayempenda kuliko wote. Kibabu kifupi chenye miwani, kicheko cha kukera na mdomo usiokoma, anayemtukana shujaa mwenye nguvu kama za miungu kwa kumwita jibini kubwa jekundu. Historia yake inasema jamii iliucheka uvumbuzi wake mpaka akaamua kuhamia sayari ya Zuhura na watoto wake. Yaani mtu huyu alikuwa na chombo cha kufika Zuhura, na bado kilichomuuma ni kuchekwa.

Hofu ya mtu anayecheza na asichokiweza haikuanza na katuni. Mary Shelley alishamwandika Frankenstein, mwanasayansi aliyeumba kiumbe hai, mwaka 1818. Tofauti ni kwamba Frankenstein anajuta na kuumia, ilhali wa katuni anarudi toleo lijalo na mtambo mpya. Isitoshe, katuni hizi zilikua katika miaka ambayo maabara za kweli zilikuwa zinatisha kuliko za kubuni. Hadithi moja ya Luthor yenye bomu la atomiki ilizuiwa wakati wa vita kwa ombi la serikali ya Marekani, ikatoka mwaka 1946, Hiroshima na Nagasaki zikiwa zimeshateketezwa. Wanasayansi waliotengeneza bomu la kweli hawakuwa vichaa, na hawakujificha pangoni. Walilipwa mishahara kwenye mradi wa jeshi.

Ndiyo maana huwa nasita mtu anaposema dhana hii inahusu sayansi iliyovuka mipaka. Chukua Captain America, aliyetokea mwaka 1941. Kijana dhaifu anaingizwa kwenye maabara ya siri, anadungwa dawa mpya, mwili wake unafumuka misuli. Ukiambiwa kwamba aliyemdunga ni Mnazi, utasema moja kwa moja kuwa huyo ni mwanasayansi kichaa. Aliyemdunga alikuwa upande wa Marekani, kwa hiyo ni mzee mwema anayeuawa na jasusi na kuombolezwa. Sindano ni ileile. Katuni hazimhukumu mtu kwa alichokifanya maabara. Zinamhukumu kwa sababu iliyomwingiza humo.

Kwa Luthor sababu hiyo ilichelewa sana kuelezwa. Kwa miaka 20 alikuwa mbaya tu, basi. Mwaka 1960 Siegel akaandika kisa cha ujana wake. Luthor ni kijana wa mji mdogo wa Smallville, rafiki wa Superboy, yaani Superman akiwa bado kijana, na Superboy amemjengea maabara. Siku moja moto unazuka humo. Superboy anaupuliza kutoka nje, moto unazimika, lakini moshi wa kemikali unamwondoa Luthor nywele zote. Watu wamelicheka tukio hilo kwa zaidi ya nusu karne: mtu mzima anataka kuua kwa sababu ya upara! Wakiurudia ukurasa wataona kitu kingine. Luthor alikuwa ameumba uhai. Mezani palikuwa na kiumbe hai alichokitengeneza kwa mikono yake, na kile kilipotea kwenye vurugu ileile. Nywele ni za kuchekesha, kiumbe si cha kuchekesha. Na Luthor akajiaminisha kwamba rafiki yake alifanya makusudi, kwa wivu.

Miaka mitatu baadaye, kwenye hadithi ya Edmond Hamilton iliyochorwa na Curt Swan, wawili hao wanakwenda kupigana kwenye sayari yenye jua jekundu, mahali ambapo Superman hana nguvu zake. Ngumi kwa ngumi, mtu kwa mtu. Huko Luthor anawakuta watu wanaoishi kwenye ukame, waliosahau elimu ya mababu zao. Anaifufua mitambo yao ya kale na kuwatafutia maji, nao wanampenda. Maji yenyewe hayatoshi. Luthor anaelewa kwamba Superman akirudi kwenye anga ya jua la njano anaweza kuwapelekea maji mengi, basi katikati ya pambano ambalo angeweza kulishinda, anakubali kushindwa. Wale watu wakamfanya shujaa wao, na sayari ikaja kuitwa Lexor kwa heshima yake, kutokana na jina lake la kwanza, Lex.

Hapa ndipo mtu anaweza kuielewa dhana nzima kwa mfano mmoja. Luthor anapata mahali ambapo hakuna aliyewahi kumcheka wala anayempenda Superman kuliko yeye. Anaoa huko na kupata mtoto. Angebaki. Badala yake anakwenda na kurudi, anarudi tena Duniani kuendeleza ugomvi, mpaka mwaka 1983 pambano lao linahamia Lexor na kuiteketeza sayari pamoja na mkewe na mtoto wake. Luthor anasema ni kosa la Superman. Alishatibiwa kila kitu isipokuwa lile donge, na donge likaimeza familia yake.

Upande wa Marvel, kampuni inayochapisha katuni za Spider-Man, mfano ulio safi zaidi ni Doctor Octopus, kazi ya Stan Lee na Steve Ditko, Julai 1963. Otto Octavius ni mtaalamu wa nyuklia. Kazini anavaa kiunoni mtambo wenye mikono minne ya chuma unaomwezesha kushika kemikali zenye mionzi akiwa amesimama nyuma ya kizuizi. Wenzake walimpa jina la Octopus hata kabla ya ajali. Unatokea mlipuko, mikono inagandana na mwili wake, anazindukia hospitalini na kuamini kwamba madaktari wamemfungia kwa kumwonea kijicho. Spider-Man anakuja akijiamini. Octopus anambana mikono na miguu kwa yale mabomba ya chuma, anamchapa makofi kama mtoto mtukutu, halafu anamrusha nje kupitia dirishani. Ndiyo mara ya kwanza Spider-Man anashindwa, na anaondoka akifikiria kuacha kazi ile.

Namna Spider-Man anavyolipiza ni muhimu zaidi. Peter Parker, ambalo ndilo jina lake halisi, bado ni mwanafunzi wa sekondari, na kwenye pambano la pili anakuja na kemikali aliyoichanganya mwenyewe, inayoigandisha mikono miwili ya Octopus. Mwanasayansi anashindwa na mwanafunzi, kwa kemia. Wote wawili mionzi iliwabadilisha bila kuomba, wote wawili wanavaa miwani, wote wawili wamezoea kudharauliwa. Adui wa aina hii hupatikana karibu na mashujaa wenye akili kwa sababu hiyohiyo: anaonyesha kijana yule angekuwa nani kama matusi ya shuleni yangemkaa rohoni.

Wengi wetu tulimjua Octopus kwenye filamu ya Spider-Man ya mwaka 2004, aliyoigiza Alfred Molina. Pale amepewa mke anayekufa na mikono yenye akili yake inayomnong'oneza. Ni mtu wa kupendeza zaidi, na filamu ni nzuri sana, lakini kwa dhana hii ni mfano dhaifu: ukishasema mikono ndiyo iliyomtawala, umemwondolea lawama. Mr. Freeze, mwanasayansi anayetumia barafu kama silaha, naye alifanyiwa hivyo mwaka 1992 kwenye katuni za televisheni za Batman, alipopewa mke mgonjwa aliyegandishwa akisubiri tiba. Tangu hapo amekuwa mfiwa zaidi kuliko kichaa. Curt Connors, yule adui wa Spider-Man anayeitwa Lizard, yuko njia panda: alitaka tu mkono wake uliokatika uote tena kama mkia wa mjusi. Joker, adui mkubwa wa Batman, simhesabu kabisa. Alitumbukia kwenye kemikali, hakuzisomea.

Mwaka 1986 John Byrne alimwandika Luthor upya akiwa tajiri mwenye kampuni, suti na mawakili, na mwaka 2000 katuni zikampa urais wa Marekani. Wapo waliolalamika kwamba amepoteza maabara yake. Mimi naona aliajiri watu wa kukaa humo. Hofu ya wasomaji ilikuwa imehama kutoka kwa mzee mpweke wa pangoni kwenda kwa mwenye kampuni anayemiliki hataza, na katuni zikahama nayo. Kinyongo hakikubadilika: mji ulikuwa wake mpaka alipotokea anayeruka.

Octopus yeye alipewa nafasi ambayo hakuna mwingine wa kundi lake aliyewahi kuipata. Mwishoni mwa 2012, akiwa mahututi, alibadilishana akili na Peter Parker na kubaki ndani ya mwili wa kijana, huku Peter akifa ndani ya ule wa kwake. Mwaka mzima wa 2013 Octavius alikuwa Spider-Man, chini ya kalamu ya Dan Slott. Aliahidi kuwa bora kuliko Peter mwenyewe. Alipogundua kwamba Peter hakuwahi kupata shahada ya uzamivu, aliona ni fedheha isiyovumilika, akarudi chuo kikuu kuisomea. Mwalimu aliyemsimamia akamshtaki kwa wizi wa kitaaluma, kwamba kazi aliyowasilisha imenakiliwa kutoka kwa Otto Octavius. Hakuweza kujitetea kwa kusema kwamba Octavius ni yeye. Na mwaka 2014, alipokwama na mwanamke aliyempenda yuko hatarini, alikiri kwamba Peter ndiye aliye bora, akaifuta akili yake mwenyewe na kumrudishia mwili.