Kabla ya Kuhesabu Mikorosho, Chora Ukoo

Kijana wa Newala au Nachingwea akitaja antropolojia, yaani elimu ya watu, jamii na tamaduni zao, huulizwa kwanza: utaajiriwa wapi? Nitajibu kwa kazi moja, tathmini ya fidia, kwa sababu miradi ya gesi, migodi na barabara inaendelea kugusa mashamba ya kusini. Mradi unaofadhiliwa na IFC, tawi la Benki ya Dunia linalokopesha sekta binafsi, hutakiwa kufuata Kiwango chake cha 5, kinachohusu utwaaji wa ardhi na uhamishaji wa watu. Hapo anatafutwa mtu anayeweza kubaini nani ana haki gani.

Dodoso la kawaida humwandika mkuu wa kaya na kuishia hapo. Kwa Wamakonde, Wamwera, Wamakua na Wayao, ukoo kwa asili hufuata upande wa mama na mjomba ana sauti. Dini, sheria na ndoa za mbali zimebadilisha mengi, kwa hiyo usikisie. Shamba laweza kuwa la mume na mikorosho ikawa imepandwa na kaka wa mke. Akilipwa mmoja, ugomvi huanza siku pesa zinapoingia.

Dawa yake ni mchoro wa ukoo, na hufanywa kabla ya kuhesabu mti hata mmoja. Pembetatu ni mwanaume, duara ni mwanamke, mistari miwili sambamba ni ndoa, na marehemu hukatwa kwa mstari. Anza na unayeongea naye, panda kwa mama yake, kisha ndugu wa mama. Uliza "nani alikuzaa?", maana mama mkubwa na mama mdogo nao huitwa mama, na ukikosea hapo mchoro wote unapinda. Ndipo uingie shambani: nani alipanda, nani hununua salfa ya kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, nani huokota, malipo ya AMCOS, chama cha ushirika cha mazao, huingia kwa jina la nani? Waulize wanawake peke yao pia, bila mume wala mjomba pembeni. Andika daftari usiku huohuo. Kesho maneno yao yatakuwa yamegeuka yako.

Oktoba hadi Desemba watu wako kwenye korosho, hivyo nenda jioni. Jando na unyago usiyadadisi kwa pupa: yanayofundishwa ndani yana wenyewe, na kuyachapisha ni kuvunja amana.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hufundisha antropolojia pamoja na sosholojia. Akiolojia, elimu ya mabaki ya kale, inayofaa kwa anayevutwa na magofu ya Kilwa Kisiwani, ina idara yake. Popote uombapo, uliza kwanza kama kozi ina kazi ya uwandani inayosahihishwa na mwalimu, daftari kwa daftari.