Ukishaliwa mfululizo kwenye poka, kinachobaki ni woga

Wanaonitafuta niwafundishe poka, wengi wanakuja wakiwa wameshaliwa wiki tatu nne mfululizo, na swali lao ni lile lile, kaka nifanyeje nisipaniki. Naelewa kwa nini wanauliza hivo, maana kupaniki kunaonekana: mtu kapigwa na karata ya mwisho, anaanza kuingia kila mkono, yaani kila mgao wa karata, anataka hela yake irudi usiku huo huo. Ila kwa nilivyoona mimi hasira inaisha ndani ya siku mbili tatu. Kinachokaa ni woga, na woga mwenyewe huuoni kwa sababu unavaa sura ya umakini.

Kuna kipindi hapa Dar nilikaa mezani mara 11, nikanyanyuka nimeliwa mara 9. Blaindi, yaani hela za lazima ambazo wachezaji wawili wanaweka kabla ya karata kugawiwa, zilikuwa 2,000 na 5,000. Mara mbili niliweka hela zote nikiwa na ree mbili, mwenzangu ana kingi mbili, na mara zote mbili kingi ya tatu ikaja. Sasa ree mbili zikikutana na kingi mbili kabla mezani hazijafunguliwa zile karata tano za wote zinashinda kama mara 82 kwenye 100, kwa hiyo pale sikukosea popote, ila mwili haujui hesabu, mwili unajua umeumia.

Hesabu yenyewe ni hii na naomba uitulie. Chukua mchezaji mzuri kabisa anayekula wastani wa blaindi kubwa 5 kwa kila mikono 100, na kupanda kushuka kwake ni kama blaindi 90 hadi 100 kwa mikono hiyo hiyo 100. Baada ya mikono 10,000 huyo mtu mzuri ana kama nafasi 3 kati ya 10 za kuwa bado kaliwa. Mezani ambapo dila anagawa kwa mkono unapata kama mikono 30 kwa saa, kwa hiyo ukicheza saa 10 kwa wiki hiyo mikono 10,000 ni karibu miezi 8. Miezi 8 unacheza vizuri na hela hakuna! Na karata hazina deni na wewe. Tarehe 18 Agosti 1913 kule Monte Carlo mpira wa ruleti uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo, watu wakawa wanamwaga hela kwenye nyekundu kwa kuamini zamu yake imefika, wakaliwa vibaya sana. Ukisema "leo lazima nirudishe" unawaza kama wao.

Turudi kwenye woga. Nilisimama siku 10, nikachukua daftari nikaandika mikono yote niliyoikumbuka ya kile kipindi, uamuzi tu, bila kuandika nani alikula. Mmoja ulinishtua. Nina ree na malkia wa pau, mezani kuna ree ya kopa, tisa ya uru, sita ya pau, mbili ya shupaza, alafu mwishoni malkia wa uru. Hakuna flashi, yaani karata tano za kopa tupu au uru tupu na kadhalika, hakuna mfuatano unaowezekana pale, kinachonipiga ni mtu mwenye tatu za aina moja basi. Poti, yaani hela zilizowekwa kati, ina 110,000, jamaa kacheki, yaani kapita bila kubeti, na mimi nikacheki. Akafungua ree na kumi. Nikala poti, watu wakanipongeza, na mimi nikajisikia nimepona. Yule jamaa kwa anavyocheza angelipa 60,000 bila kusita kama ningebeti. Nikapekua daftari nikakuta mingine ya hivo hivo kibao, nimeshinda kidogo pale nilipotakiwa kushinda kikubwa, yaani nusu ya kipindi kile kibaya karata hazikuhusika, ni mimi nilikuwa najificha.

Ndo maana mtu akija kwangu namshusha meza kwanza, blaindi nusu ya alizozoea, ili beti ya mwisho isimtetemeshe mkono, na akiliwa mitaji miwili ya mezani anaondoka, hata kama meza ni tamu. Daftari ni lazima. Na akipitia akakuta makosa halisi, anaingia na karata mbovu, analipa kila beti, basi hilo ni la kusoma upya, asisingizie bahati.

Ila kama hela unayocheza ni ya kodi ya nyumba, au unamficha mkeo, au unakopa ili urudishe, haya yote hayakuhusu. Acha kucheza, na mwambie mtu leo.

Mimi niliporudi, usiku wa pili tu nikapata ree na tisa, mezani zikatoka zote mbili, mwishoni nikabeti 40,000 na mkono unatetemeka kweli. Jamaa akalipa, akafungua tatu za aina moja, za sita, akala poti. Nikaandika: beti sawa. Mkono uliofuata wa aina hiyo ulikuja kama saa moja baadaye, nikabeti tena, saizi ile ile.