Mlo wa siku moja haupimi lishe ya mtoto

Wengi huamini kwamba ukitaka kujua kama mtoto wa mwaka 1 hadi 3 anapata virutubishi vya kutosha, uhesabu alichokula leo. Sivyo, na imani hiyo imewatia wazazi wengi hofu bure. Mwaka 1991 Leann Birch na wenzake, nchini Marekani, walichapisha utafiti kuhusu watoto 15 wa miaka 2 hadi 5. Nishati ya mlo mmoja mmoja ilipanda na kushuka sana, lakini jumla ya siku ilibadilika kidogo tu. Mara nyingi, aliyekula kidogo mlo huu alifidia unaofuata.

Kwa nishati, basi, mlo mmoja ndio unaodanganya; vitamini ni ngumu zaidi kupima, kwani hata siku nzima haitoshi. Vitamini A imejaa katika vyakula vichache, kama maini na karoti, hivyo leo mtoto ataonekana amezidisha, kesho amepungukiwa. Ndiyo maana watafiti humhoji mlezi kuhusu saa 24 zilizopita, wakarudia siku nyingine angalau kwa baadhi ya watoto, kisha mbinu za takwimu hutenganisha mabadiliko ya kila siku na ulaji wa kawaida. Kilichomwagika au kubaki sahanini hutolewa. Maziwa ya mama, kwa anayenyonya, hukadiriwa. Hata hapo, hesabu hiyo hueleza kundi la watoto, si mtoto wako peke yake.